Jeneza la Zebedayo katika Kanisa Kuu la Tamashani

Mzee Lameki Semkiwa aliingia nchi ya Tamashani akitokea nchi nyingine, na kuhusu njia hakuna la kusimulia ila vumbi. Habari inaanzia pale magoti yalipomgomea. Mbele yake lilisimama kanisa kuu la Kianglikana, la mawe, lenye mnara na mlango mpana wa kuingiza tembo, na yeye alilelewa hivi: mtu akimaliza safari huingia kanisani, hupiga goti, husema asante, hutoka. Akapanda ngazi.

Mlangoni alimkuta mlinzi wa makamo aliyevaa fulana ya njano.

"Karibu sana, mzee wangu. Umekuja kuona nini?"

"Sikuja kuona. Nimekuja kusali."

Mlinzi akageukia ratiba iliyobandikwa ukutani, akapitisha kidole kutoka juu hadi chini, kisha akarudi tena juu, asije akamdhulumu mgeni. "Hilo leo halipo," akasema kwa huruma. "Lilikuwepo msimu wa mvua. Leo kuna nyangumi."

Na kweli nyangumi alikuwepo. Alikuwa wa kitambaa na waya, ananing'inia kutoka darini juu ya mahali ambapo zamani waumini walikaa, tumbo lake limejaa taa za buluu, mdomo ameuelekeza madhabahuni kama anayeuliza chakula kiko wapi. Chini yake watu wamejilaza juu ya mikeka, wanamtazama. Tusimsingizie Mzee Semkiwa: alimpenda. Alisimama pale kinywa wazi kama wenzake, na ilipita kitambo kabla hajakumbuka magoti yake.

Alipouliza vizuri, ndipo akaelezwa sheria, maana Watamashani ni watu wa sheria na hawaoni taabu kumweleza mgeni.

Ya kwanza ni Sheria ya Ujazo. Zamani kanisa lile lilikuwa na wazee wachache, popo wengi na paa linalovuja. Baraza likaona nyumba ya Mungu kukaa tupu ni aibu kwa Mungu mwenyewe, likaamuru ijazwe. Ijazwe na nini, sheria haikusema, na hapo ndipo hekima ya waliotunga inapoonekana. Msimu mmoja wakazungusha mtelezo wa kuchezea kwenye mimbari, watoto wakawa wanashuka pale ambapo zamani yalishuka mahubiri. Msimu mwingine wakafanya maonyesho ya mitindo, wasichana warefu wakipita katikati ya kanisa na kugeuka kwenye birika la ubatizo. Pakawa na dansi la kimya, kila mtu amevaa vifaa masikioni na anaruka kwa wimbo wake, na aliyeingia bila kifaa alidhani amekosea njia akaingia wodi ya wagonjwa wa akili. Waliwahi hata kuleta mieleka, ila ikasimamishwa haraka, kwa sababu wapiganaji walikuwa wanafanya ishara ya msalaba kabla ya kukamatana, na baadhi ya wageni wakalalamika kwamba wanalazimishwa dini.

Ya pili ni Sheria ya Kutokwaza. Sala haikukatazwa, Tamashani hawana udikteta huo. Ilipangiwa mahali. Anayetaka kusali anaelekezwa kwenye Kona ya Utulivu, kati ya meza ya aiskrimu na mlango wa choo, kuna kiti kimoja na pazia. Anaingia mmoja mmoja. Midomo ichezeshwe, sauti isitoke.

Ya tatu si sheria hasa bali ni desturi, nayo ina nguvu kuliko sheria. Mtamashani hatazami kitu kabla hajasoma kibandiko chake. Anasoma kwanza, anatikisa kichwa, kisha anakitupia kitu jicho kuona kama kinatii maelezo, anaendelea na safari. Kisicho na kibandiko ni kama hakipo. Hata nguzo zilikuwa na vyao: "Nguzo. Mawe. Inashikilia paa."

Ya nne ni Sheria ya Kutokatiza. Siku moja walinzi walimbeba mwanamume aliyelala sakafuni akipiga mayowe, wakamtupa nje. Kumbe ndiye kazi ya sanaa yenyewe, ameletwa kutoka mbali kwa barua za heshima. Magazeti yakaandika. Baraza likatunga kwamba tendo likishaanza ndani ya kanisa kuu asilikatize mtu, si mlinzi, si kasisi, si Askofu, mpaka wenye tendo wamalize wenyewe. Msimu uliofuata akaanguka mzee mmoja mwenye shinikizo la damu karibu na mlango. Watu wakamzunguka kwa adabu kubwa, wala hakuna aliyemgusa. Walisema baadaye kwamba hawajawahi kuona uhalisia kama ule.

Mzee Semkiwa akapata chumba kwa wazee wawili, Zebedayo na mkewe Bi Persisi, ambao nyumba yao iliegemea ukuta wa makaburi ya kanisa. Zebedayo alikuwa kitandani, kifua kinamsumbua, lakini ulimi mzima kabisa.

"Wewe mtembezi," akamwambia mgeni, "umeliona samaki lao?"

"Nyangumi si samaki. Nimesoma kibandiko."

"Haya, msomi. Basi sikia na hili lisilo na kibandiko. Nikifa nipitisheni mle ndani. Nilibatizwa mle. Nikamuoa huyu mle mle, siku ambayo alichelewa mpaka padre akaanza kupiga miayo."

"Sikuchelewa," Bi Persisi akasema, anakoroga uji. "Wewe uliwahi kwa wasiwasi."

"Niombewe chini ya paa lile, kwa sauti, watu waseme amina. Siyo kwenye kile kibanda chao cha pazia. Kisha nyuma pale makaburini, nilale. Umesikia, Mama?"

"Nimesikia. Nimekuahidi mara ngapi? Kunywa uji."

Uji ule hakuumaliza.

Bi Persisi akafunga khanga, akaenda kwenye Baraza la Kalenda, na Mzee Semkiwa akamsindikiza kwa sababu mgeni aliyelala nyumbani mwa mfiwa haachi mfiwa aende peke yake. Mezani waliwakuta wajumbe, na wawili kati yao ndio walioongea. Mmoja ni Provosti Aniseti, kasisi mkuu wa kanisa kuu, mtu mpole mwenye macho ya kukosa usingizi, ambaye kifuani, chini ya kola yake ya ukasisi, alitundika beji iliyosema "Naomba Nikusaidie". Wa pili ni Bi Editrudi, Mkurugenzi wa Mvuto, na kazi yake ni kama jina la cheo lilivyo.

"Pole sana, Mama," Provosti akasema. "Mzee Zebedayo tulimfahamu."

"Tumeshapoa, Baba. Naomba siku ya kumwombea."

Bi Editrudi akafungua kalamu. "Tukio lenu lina mada gani?"

"Kifo."

"Kifo tulikifanya msimu uliopita. Kilipokewa vizuri, ila wengi walisema kinajirudia." Akafikiri. "Linafaa familia zenye watoto?"

"Watoto wa majirani watakuja, ndiyo."

"Na marehemu alikuwa na jina?"

"Zebedayo."

"Namaanisha jina la kujulikana."

"Mimi namjua," akasema Bi Persisi.

Provosti akaingilia kwa upole kwamba nyangumi atashushwa mwisho wa msimu, na kabla ya tamasha la keki patakuwa na nafasi nzuri, tena ya asubuhi. Je, marehemu anaweza kusubiri?

"Baba, mimi naweza. Yeye, kwa joto hili, hawezi."

Hapo Mzee Semkiwa akashindwa kunyamaza. "Baba Provosti, mimi ni mpita njia, nisamehe. Nyumba ile si ya Mungu?"

"Ni yake, mzee wangu. Lakini wewe hukuniona zamani. Nilikuwa nahubiria viti. Viti havikuwahi kunibishia, na havikuwahi kuokoka. Sasa tazama umati ule."

"Wanaokoka?"

"Wanakuja," akasema Provosti.

"Na Bwana wetu mbona aliwatimua waliokuwa wanauza njiwa hekaluni?"

"Sisi hatuuzi njiwa," Bi Editrudi akajibu, hata hakukasirika. "Tuna aiskrimu tu."

Baraza likajadili kwa moyo mmoja. Lilitaka kumsaidia mjane, asiseme mtu kwamba halikutaka. Likakubali kumpa Kona ya Utulivu hata asubuhi ya kesho. Mlinzi akatumwa kupima, akarudi akasema jeneza haliingii, labda upande wa miguu ubaki nje, kwenye meza ya aiskrimu. Mjumbe mmoja akauliza, kwa nia njema kabisa, kama marehemu anaweza kuwekwa wima.

Bi Persisi akainuka. Walipofika mlangoni pake akamgeukia mgeni.

"Shemeji Semkiwa, una mabega?"

"Yamebaki kidogo."

"Hayo hayo yanatosha."

Asubuhi wakambeba, Mzee Semkiwa na majirani, wakapanda naye ngazi za kanisa kuu. Mlinzi wa fulana ya njano akawazuia kama ilivyompasa. Akatazama ratiba. Akatazama jua. Akatazama mishipa ya shingo ya Mzee Semkiwa. "Jamani, mnanitia matatani," akasema. "Haya, litueni hapo ndani kivulini, nikamwite Provosti. Msilisogeze."

Alipowaonyesha palikuwa na jukwaa fupi, tupu. Kazi ya sanaa iliyokuwa juu yake ilikuwa imepelekwa kufutwa vumbi, na kibandiko kimebaki. Walitua jeneza bila kukisoma, kwa kuwa mwenye mzigo begani hasomi. Kilikuwa kimeandikwa: "Safari Bila Msafiri. Mbao, misumari, kimya. Mtazamaji anaalikwa kujiuliza: nani aliyemo?"

Mlinzi alikawia. Watu wakaanza kupita, wakasoma, wakatazama, wakasimama. Mtamashani akisimama mbele ya kitu zaidi ya muda wa kusoma, wenzake huja kuona kuna nini, na baada ya kitambo mikeka chini ya nyangumi ilianza kubaki wazi.

"Mbao ya kawaida kabisa," mwanamke mmoja akamnong'oneza mwenzake. "Huo ndio ujasiri."

"Na yule mama aliyekaa pembeni?"

"Ni sehemu ya kazi. Tazama khanga ilivyopauka. Huwezi kuipata ile dukani, wameitafuta."

"Dada zangu," Bi Persisi akawaambia, "huyu ni mume wangu."

Yule wa kwanza akashika kifua. "Nimesisimka mwili mzima," akasema, akaenda kuwaita jamaa zake.

Akaja bwana mmoja wa miwani anayeandika magazetini, akanusa kafuri, akasema kutumia pua katika sanaa ni jambo lililochelewa mno katika nchi ile. Mwingine akampinga, akasema misumari imezidi. Wakabishana juu ya misumari kwa hoja nzito, kila mmoja akimtaja mwalimu wake, na Mzee Semkiwa, ambaye ndiye aliyeipigilia, akaona ni vyema anyamaze, maana mmoja mbovu ulikuwa umepinda na huo ndio waliousifu zaidi.

Provosti Aniseti alipofika na mlinzi, mstari ulikuwa umetoka nje ya mlango. Alikuwa amekuja na maneno ya kuomba radhi na watu wa kubeba. Bi Editrudi akatangulia mbele yake, macho yanang'aa.

"Hii haiondoki," akatangaza. "Inabaki mpaka mwisho wa msimu. Tutaiwekea taa."

Bi Persisi akasimama. "Nipeni mume wangu nikamzike."

"Mama, tunakuelewa. Msanii kuachana na kazi yake ni kama uchungu wa kuzaa."

"Leo sikuzaa, mwanangu. Nimefiwa."

"Hilo nalo tutaliandika," Bi Editrudi akasema, akaliandika.

Mzee Semkiwa akamvuta Provosti kando ya nguzo. "Baba, wewe unajua nani amelala mle."

"Najua. Nilimpa ushirika kwa mkono huu."

"Basi waambie hawa."

Provosti akautazama ule mstari, watu kwa watu, wamevua kofia, wamenyamaza, mpaka watoto wamenyamaza. "Nikiwaambia," akasema, "watatoka."

Mzee Semkiwa ametembea nchi nyingi na amesikia uongo wa kila namna, lakini ukweli wa namna ile hakuwahi kuusikia. Akarudi, akamkuta Bi Persisi ameweka kiganja juu ya mfuniko wa jeneza, kama mtu anayepima joto la mgonjwa. Mjane hakuwa na mbinu yoyote kichwani. Alikuwa amechoka tu kusubiri ruhusa. Akapaza sauti, ile sauti ya mwanamke aliyeita watoto kutoka mbali miaka mingi:

"Tuombe."

Mlinzi akapiga hatua kumwendea. Bi Editrudi akamshika mkono wa fulana. "Tendo limeanza," akanong'ona kwa furaha. "Usikatize."

"Bwana," akasema Bi Persisi, "huyu ni Zebedayo. Mbishi unamjua. Anakoroma, na uji wake anataka ndimu nyingi. Kwangu hakukosa kurudi nyumbani hata siku moja. Amebatizwa hapa, akaniambia nimlete hapa, nami nimemleta. Mpokee. Usimweke mlangoni ukamuuliza amekuja kuona nini."

Nyuma kabisa mzee fulani akasema "Amina", na akaziba mdomo kama aliyecheua mezani. Lakini lilishatoka. Mwingine akalisema. Mwanamke aliyesisimka akalisema. Likaja kutoka kwenye mikeka, kutoka kwenye aiskrimu, hata kwa watu ambao kama ungewauliza wangekuambia hawalijui, lilikuwa limelala mle mle kinywani tangu walipobebwa mgongoni na bibi zao.

Bi Persisi akageuka. "Baba Provosti, maneno ya kanisa mimi siyajui yote. Njoo umalizie."

Provosti akamtazama Bi Editrudi. Akatazama jeneza. Akaitoa ile beji kifuani, hakujua pa kuiweka, akampa mlinzi. Alianza kwa sauti ya kutangaza, akakosea, akarudia, na alipofika kwenye jina la Zebedayo sauti ikamkatika, akalia wazi wazi kama mtu aliyekumbuka kitu alichokiacha mahali.

"Huyo padre amezidisha," bwana wa miwani akamwambia jirani yake. "Mama ni mzuri zaidi. Hajilazimishi."

Mzee Semkiwa na majirani wakaingiza mabega chini ya jeneza, wakainua. Ndipo Bi Editrudi alipozinduka kwamba kazi yenyewe inaelekea mlangoni.

"Hapana, hapana, hiyo inakwenda wapi?"

"Halijaisha, Bi Editrudi," Provosti akasema, anajipangusa uso kwa mkono wa joho ambalo hakulivaa, yaani kwa shati. "Asikatize mtu, si kasisi, si Askofu. Uliiandika wewe pale Barazani, na uliiandika vizuri."

Wakatoka. Mstari ukageuka ukawafuata, watazamaji wote, wakashuka ngazi, wakazunguka ukuta mpaka makaburini, wanasifu kwamba kumbe kazi hii inatembea. Kaburi lilikuwa tayari, majirani walilichimba alfajiri. Bi Persisi akatupia udongo wake, na kila mtu akainama akachukua wake, wenye viatu vya kung'aa nao wakachukua, wakiambizana kwamba hii inaitwa sanaa shirikishi. Wengine walilia sana. Mzee Semkiwa akawatazama usoni, akajitahidi kujua ni nani analilia nini, akashindwa, akaachana nalo.

Kaburi lilipojaa likapigwapigwa kwa koleo. Watu wakangoja kidogo, wakatazamana, kisha wakapiga makofi. Yalikuwa makofi marefu, ya kweli, ya watu waliotendewa jambo.

Bi Editrudi akapenya hadi mbele, anahema, nywele zimemlegea, na machozi yake pia yalikuwa ya kweli. Akamshika mjane mikono yote miwili.

"Mama, sijawahi kuona. Nakuomba. Mtarudia lini?"

Bi Persisi alikuwa anapangusa udongo viganjani. Akawatazama wale watu wote, mmoja baada ya mwingine, bila haraka, bwana wa miwani, wanawake wawili, mlinzi na beji yake mkononi.

"Mimi zamu yangu ya kuzika nimeimaliza," akasema. "Zilizobaki ni zenu. Nitakuja kutazama."

Makofi yakakoma moja moja, kama mvua inayohama juu ya bati. Mtu akaulizia njia ya kutokea. Provosti hakuondoka, alimwomba Mzee Semkiwa koleo, akaanza kusawazisha udongo upande wa miguuni, pale ulipokuwa umeinuka kidogo.